Kamera ya Kale Isiyofumba Jicho



Juma hili tumepata barua kutoka Simi-Simi, mjini Kisangani, upande wa kiwanja cha zamani cha ndege. Mwandishi wake ni kijana aliyerithi kwa babu yake, mpiga picha wa siku nyingi, kamera kubwa ya mbao. Ni ile yenye mvukuto wa ngozi na miguu mitatu, ambayo mtu hujifunika kitambaa cheusi kichwani apate kuona sura iliyopinduka juu ya kioo. Ndugu yake aliyeko Ubelgiji amempelekea boksi moja la filamu za vipande, sentimeta 9 kwa 12, jumla yake vipande 25. Vipande 20 vimekwisha kuharibika, na vimebaki 5 tu.

“Baba mwandishi,” asema kijana huyu, “nataka kumpiga picha Koko wetu, mama yake baba. Askari wa miavuli waliposhuka hapa Simi-Simi mwaka 1964, yeye alikuwa msichana mdogo, naye hutusimulia aliyoyaona. Picha zake za ujana ziliteketea pamoja na nyumba mwaka 2000. Leo hana picha ila ile ndogo ya kadi ya uchaguzi. Nilimpiga kwa simu, simu ikaibiwa. Sasa miguu inamwuma na nguvu zinampungukia. Filamu zangu nyingine hutoka nyeusi tupu, nyingine hazina kitu, na shata ya kamera mara yafunga, mara haifungi. Rafiki yangu ameniambia nitie ndani yake matone mawili ya mafuta ya mashine ya kushonea. Je, nitie?”

Wakongwe wa Kisangani hawahitaji kufafanuliwa tarehe hizo. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji walirushwa kwa ndege za Marekani juu ya kiwanja cha Simi-Simi. Na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini kwa mizinga, na watu huziita siku hizo Vita vya Siku Sita. Katika mji uliopita moto wa namna hii, picha ya mzee si pambo la ukuta. Yaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki kwa wajukuu.

Basi jibu letu la kwanza ni fupi: Mwanangu, usitie mafuta. La pili ni refu kidogo, nalo twalitoa kwa wasomaji wote, maana kamera za namna hii zimo bado katika masanduku mengi.

Shata ni kitu gani

Shata ni kilango cha nuru. Katika kamera nyingi kubwa hukaa katikati ya lenzi, kioo kimoja kikiwa mbele yake na kingine nyuma. Ndani yake mna majani membamba ya chuma, yaliyolaliana kama magamba ya samaki. Ukivuta kishikio cha kukazia, kamani iliyomo hukazwa. Ukibonyeza cha kufyatulia, majani hufunguka, hukaa wazi kwa muda uliouchagua, kisha hufunga. Muda huo umeandikwa kwenye duara: 1 ni sekunde nzima, 2 ni nusu yake, 10 ni sehemu ya kumi ya sekunde, 100 ni sehemu ya mia.

Ili majani yakawie katika miendo ya pole pole, mna magurudumu madogo yenye meno, kama ya saa ya mkononi. Shata ya Compur, iliyoanza kutengenezwa Munich, Ujerumani, mwaka 1912, ni ya jamii hiyo. Kadhalika Ilex ya Marekani na Copal ya Japani. Na kama vile hakuna mtu mwenye akili amiminaye mafuta ndani ya saa, vivyo hivyo haifai kuyamimina ndani ya shata. Majani yake yameundwa yateleze yakiwa makavu kabisa. Tone moja la mafuta huyashikamanisha, kama majani ya mgomba yanavyoshikamana yakilowa mvua.

Nasema hivi kwa uchungu, maana kosa hilo nililitenda mwenyewe. Zamani kidogo shata yangu ilikuwa ikisitasita, nami nikaitia mafuta ya mashine ya kushonea. Jioni ile ilikwenda vizuri ajabu, nikajisifu. Miezi miwili baadaye baba yangu mkubwa alipita kwetu kungoja mashua. Nilimketisha barazani, akavaa koti lake jeusi, nikampiga picha moja tu, maana sikuwa na filamu nyingine. Kumbe mafuta yalikuwa yametambaa hata kwenye majani na kukusanya vumbi. Majani yalifunguka yasifunge tena, na filamu ikatoka nyeusi kama mkaa. Nilimwambia, “Baba, ukirudi tutapiga tena.” Hakurudi. Tulimzika mwaka uleule, na mpaka leo watoto wake huniuliza iko wapi picha ile ya koti jeusi.

Filamu iliyoharibika nayo hufundisha

Usitupe vipande vyako 20, mwanangu. Vitandike juu ya meza, uvisome kama barua.

Filamu iliyotoka nyeusi tupu ilipata nuru kupita kiasi. Ama majani hayakufunga, ama uliyafungua ili kutazama sura kwenye kioo, ukasahau kuyafunga kabla ya kuvuta kifuniko cha filamu. Kosa hili la pili ni la kawaida sana, wala halina uhusiano na ubovu wa shata.

Filamu isiyo na kitu, ing'aayo kama maji, haikupata nuru hata chembe. Ama majani hayakufunguka, ama kifuniko cha filamu hakikuvutwa, ama lenzi ilikuwa bado na kofia yake.

Filamu yenye sura njema lakini ina ukungu au mstari mweusi upande mmoja, mara nyingi si kosa la shata. Huenda mvukuto umetoboka. Ingia usiku chumbani pasipo taa, washa tochi ndani ya kamera, uuvute mvukuto wote, utazame pembe za mikunjo yake. Kila tundu litaonekana kama nyota. Liziba kwa kipande cha kitambaa cheusi kizito na gundi laini isiyokauka kuwa ngumu.

Ukiisha kuzigawa hivyo, utajua ni filamu ngapi zilizoharibiwa na shata, na ngapi zilizoharibiwa na haraka. Nadhani hesabu hiyo itakushangaza.

Jaribu kwanza pasipo filamu

Sasa tuitazame shata yenyewe. Iondoe kwenye kamera pamoja na ubao wake, uiweke juu ya kitambaa cheupe mahali penye mwanga.

Kwanza, tazama herufi zilizomo. Katika Compur za mwanzo, zile zenye kiduara cha miendo upande wa juu, mna kidude chenye herufi Z, D na M. Kwenye M shata hufuata miendo iliyoandikwa. Kwenye D hukaa wazi muda wote ubonyezapo. Kwenye Z hufunguka ukibonyeza mara moja, na kufunga ukibonyeza mara ya pili. Kidude kikiwa kwenye Z au D, kishikio cha kukazia hakitembei. Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa. Mtu asiyejua hukilazimisha, akavunja kilichokuwa kizima. Katika shata nyingine utaona T mahali pa Z, na B mahali pa D.

Pili, chagua mwendo kwanza, ndipo ukaze kamani. Usigeuze duara la miendo baada ya kukaza, hasa kuelekea mwendo wa mbio kuliko yote.

Tatu, ikiwa shata imekazwa lakini haifyatuki, fungua waya wa kufyatulia, ubonyeze kishikio chenyewe kwa kidole. Mara nyingi waya ndio uliokatika ndani, na shata haina kosa.

Nne, fyatua kila mwendo mara kumi, ukianza na ule wa mbio na kushuka hata sekunde moja. Shata iliyolala miaka mingi huwa kama mzee aliyeamka asubuhi: viungo vyahitaji kunyoshwa. Kama miendo ya mbio ni mizuri, lakini ile ya 1, 2 na 5 hukwama katikati, basi grisi ya zamani imekauka kwenye magurudumu madogo. Kama majani hufunga pole pole katika miendo yote, au hubaki nusu wazi, basi yana mafuta. Yatazame kwa kuyaelekeza kwenye dirisha: penye mafuta patang'aa rangi rangi, kama petroli juu ya dimbwi la maji.

Kusafisha majani

Kazi hii mtu mwenye mikono mitulivu aweza kuifanya nyumbani. Fungua kwa vidole kioo cha mbele na kioo cha nyuma, ukizungusha kuelekea kushoto. Vifunge kila kimoja katika kitambaa safi. Ukikuta pete nyembamba ya chuma au karatasi kati ya kioo na shata, itunze kama pesa, maana ndiyo inayoweka umbali sahihi kati ya vioo viwili.

Tafuta benzini safi, ile ya kujazia viberiti vya chuma. Benzini ya chupa iuzwayo kando ya barabara haifai, kwa kuwa huacha uchafu na mafuta nyuma yake. Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na moto, jiko na sigara. Mvuke wake huwaka upesi, nao haufai kuvutwa puani. Lowesha kidogo kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, ufute majani, ufyatue shata, ufute tena. Rudia hata kitambaa kitoke safi. Iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha vioo.

Walakini chukua tahadhari moja. Baadhi ya shata za kale sana zina vipande vya karatasi ngumu au mpira mgumu badala ya chuma, na nyingine, kama Compound, hupima muda kwa hewa iliyomo ndani ya kimwanzi cha shaba. Hizo usizimwagie benzini wala kitu chochote cha majimaji.

Na kama kosa limo ndani, kwenye magurudumu, usifungue kifuniko kwa bisibisi ya jikoni. Kamani ndogo huruka mara moja, na kuitafuta mchangani ni kazi bure. Mpelekee fundi wa saa mwenye subira, mkae pamoja, umpige kila hatua picha kwa simu ya mtu, ili kila kipande kijue njia ya kurudi kwake.

Uongo mmoja ni afadhali kuliko uongo mia

Hapa nakuja kwenye neno ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Shata ya kale haiwezi kuwa sahihi kabisa. Nambari zilizoandikwa juu yake ni ahadi ya kiwandani, na miaka mingi imepita tangu ahadi hiyo itolewe. Kazi yako si kuiamini wala kuilaani, bali kuipima.

Azima simu yenye uwezo wa kupiga sinema ya pole pole, picha 240 katika sekunde moja. Elekeza lenzi kwenye anga jeupe, uweke simu nyuma ya kamera, ipige majani yakifunguka na kufunga. Kisha tazama sinema hiyo hatua kwa hatua, uhesabu ni picha ngapi zinazoonyesha nuru. Mwendo wa 1 wapaswa kutoa 240. Wa 2, picha 120. Wa 10, picha 24. Wa 25, kama 10. Kwa miendo ya mbio kupita hapo kipimo hiki hakitoshi, lakini kwa picha ya mtu aliyeketi kivulini miendo ya pole pole ndiyo utakayotumia.

Pima kila mwendo mara tano, uandike katika daftari. Tuseme mwendo wa 10 watoa 48, 47, 48, 49, 48. Shata hiyo husema uongo, lakini uongo wake ni mmoja: huacha nuru ipite mara mbili ya inavyopasa. Basi funga tundu la lenzi hatua moja, kutoka 11 hadi 16, na filamu itapata haki yake. Lakini ikiwa watoa 24, kisha 60, kisha 31, mwendo huo usiutegemee kabisa hata ukiwa mzuri mara moja moja. Mwenzio akichelewa nusu saa kila siku, waweza kupanga naye safari. Asiyejulikana atakuja saa ngapi, huwezi.

Na ikiwa shata imekataa kabisa

Usivunjike moyo. Wapiga picha wa kwanza duniani hawakuwa na shata, waliondoa kofia ya lenzi kwa mkono, wakahesabu, wakairudisha. Katika nchi yetu ya Kongo wapiga picha wa njiani walifanya kazi kwa masanduku waliyojitengenezea. Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, alijulikana Kasai mwaka 1939 kwa kamera ya sanduku aliyoiunda mwenyewe. Masanduku ya namna hiyo kwa kawaida hufunguliwa na kufungwa kwa mkono.

Fanya hivi. Mketishe Koko barazani, mahali penye mwanga mpole pasipopigwa na jua. Kwa filamu ya nguvu ya 100, funga tundu la lenzi hata 32, na muda utakuwa kama sekunde moja. Ili kuipima sekunde, funga jiwe dogo kwenye uzi, urefu wa meta moja kutoka mahali ulipofungwa hata katikati ya jiwe. Liache libembee kidogo: kwenda upande mmoja ni sekunde moja, kurudi ni sekunde nyingine. Weka shata wazi kwenye Z au T, ikiwa bado yafunguka, huku kofia ikiziba lenzi. Vuta kifuniko cha filamu. Mtazame Koko, mwambie atulie, ondoa kofia jiwe likianza safari, uirudishe likifika ng'ambo. Mkono ukichelewa kidogo si neno. Filamu nyeusi na nyeupe husamehe nuru iliyozidi kidogo, ila haisamehi iliyopunguka. Mpe kiti chenye mgongo, kichwa chake kiegemee ukuta, maana kwa sekunde moja hata pumzi huonekana.

Kwa nini tujisumbue namna hii, na simu ziko? Tazama habari ya Herbert Lang. Kuanzia 1909 hata 1915 yeye na mwenzake James Chapin walitumwa Kongo na jumba la makumbusho la elimu ya viumbe la New York. Walipanda mto hata Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kisha wakaingia misituni kuelekea Medje, Niangara na Faradje. Lang alipiga picha kama 10,000, katika joto na unyevu uleule unaoisumbua shata yako. Zaidi ya miaka mia imepita, na hata leo watu waweza kuzitazama nyuso za wazee wa Uele. Filamu iliyooshwa vizuri na kuwekwa pakavu haihitaji umeme wala neno la siri. Mjukuu huishika mbele ya dirisha, akamwona nyanya yake.

Kutunza

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Unyevu huota kutu kwenye chuma na ukungu kwenye kioo. Kwa hiyo usiache shata imekazwa wakati wa kuiweka. Kamani nayo yahitaji kupumzika. Weka lenzi katika kopo lenye kifuniko, pamoja na mfuko mdogo wa mchele uliokaangwa mkavu, pasipo mafuta, hata ukawa wa rangi ya hudhurungi. Mfuko uwe wa kitambaa kizito, vumbi la mchele lisitoke, nawe uukaange upya kila baada ya majuma machache. Mara moja kwa juma itoe, uipe hewa, ufyatue kila mwendo mara chache.

Na sasa vile vipande 5. Cha kwanza usimpigie Koko. Mketishe ndugu yako kwenye kiti kilekile, saa ileile, uoshe filamu hiyo na kuitazama. Ikiwa njema, mwite Koko. Mpige vipande viwili, si kimoja, uvioshe usiku uleule kimoja baada ya kingine, ili kosa la cha kwanza lisikipate cha pili. Vile viwili vya mwisho viweke akiba, lakini usiviweke muda mrefu. Mimi niliweka ahadi badala ya filamu, na ahadi haikunipa picha.

Mwanangu, kwa vipimo hivi hutahitaji zaidi ya siku tatu. Anza kesho kusoma zile filamu 20 zilizoharibika. Jumapili Koko akitoka Misa, akiwa bado amevaa nguo zake njema, kiti kiwe kimekwisha kuwekwa barazani. Kisha utuandikie tena, utuambie kama sura yake imetoka.